Matanga Yakishaanuliwa: Mwongozo Kamili wa Jiko na Nyumba ya Wafiwa

Siku tatu za matanga hazikunipa nafasi ya kuelewa kwamba baba hayupo. Turubai lilikuwa barabarani, wanaume wamekaa nje, wanawake wamejaa ndani mpaka uani, masufuria makubwa yako motoni tangu alfajiri. Siku ya nne turubai likafunguliwa. Mama mdogo akarudi Muheza, majirani wakabeba vyombo vyao, na ilipokaribia adhuhuri mama akaingia jikoni kuchambua mchele. Nyumba yetu ilikuwa ya watu sita, kipimo chake miaka yote vikombe vinne. Akachota cha kwanza, cha pili, cha tatu. Cha nne akakijaza, kisha mkono ukasimama juu ya ungo. Hakukimimina wala hakukirudisha. Alisimama hivyo mpaka shangazi akaja kukipokea.

Huku kwetu Tanga, na pwani nzima, watu wanajua kuzika. Wanajua kukesha, kulisha mamia, kusoma hitima ya kumwombea marehemu. Ila kuanzia siku ya nne mpaka arobaini, na kutoka arobaini mpaka mwaka, familia huachwa ijitafutie njia yenyewe. Hapa nimeandika tuliyoyafanya, na yale niliyokosea nikajuta, ili anayeingia kwenye hali hiyo leo apate pa kushika.

Nyumba yetu ni ya Waislamu, kwa hiyo mama alikaa eda, kile kipindi cha mjane kukaa nyumbani baada ya kufiwa na mumewe. Kama nyumba yenu ni ya Wakristo, sehemu ya eda haitawahusu, lakini mambo ya jiko, vitu vya marehemu na kazi za mikono hayana dini.

Siku ya tatu jioni, kabla wageni hawajaondoka

Nunueni daftari moja la kurasa nyingi. Wengi huwa na daftari la rambirambi tu, la majina na fedha. La kwenu liwe na sehemu nyingine tatu: vyombo vilivyoazimwa, vyakula vilivyobaki, na dawa.

Vyombo kwanza. Msibani huingia masufuria ya nyumba kumi, masinia, mabirika, chupa za chai, majamvi, visu. Vikishachanganyika, kila mmoja anadai sufuria isiyo na alama. Kabla vijana hawajatawanyika, viosheni vyote, vipangeni uani, mwiteni jirani mmoja mwenye jicho la kutambua vyombo vya mtaa, na kila kinachotambuliwa kifungwe uzi na kuandikwa. Virudishwe siku hiyo hiyo au kesho yake asubuhi, vikipelekwa na kijana wa nyumba mwenyewe. Msingoje watu waje kudai. Mfiwa anayegongewa mlango siku ya sita kuulizwa sinia huumia zaidi ya mnavyodhani, na aliyekuja kuuliza naye huona haya.

Kisha chakula kilichobaki. Hapa nitasema kwa mkazo: wali wa matanga msiulaze kwenye sufuria kubwa. Wali mwingi ulioshindiliwa hubaki vuguvugu usiku kucha katikati, na wadudu wa tumbo wanaoota humo huacha sumu ambayo moto wa asubuhi hauiondoi. Gawanyeni wali na nyama jioni ile ile, majirani, watoto wa madrasa, waliofanya kazi ya kuchimba na kubeba. Mnachobakiza kitandazwe kwenye sinia pana kipoe haraka, kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Kama hamna friji, msibakize kitu.

Vyakula vikavu ni neema. Mchele, sukari, unga, mafuta na maharage yaliyoletwa na jamaa huweza kuilisha nyumba mwezi mzima. Pimeni, andikeni, kisha tengeni mafungu mawili: la nyumba na la arobaini. La nyumba liingie kwenye ndoo zenye mifuniko. La arobaini lifungwe, na mtu mmoja tu ajue ufunguo uliko.

La mwisho siku hiyo ni dawa. Mama yangu ana presha. Katika purukushani za matanga alikaa siku nne bila kidonge, na hakuna aliyekumbuka, mimi nikiwemo, mpaka alipolalamika kichwa na macho kuona giza. Andikeni jina la kila mgonjwa wa nyumba, dawa yake, saa yake, na nani atampa. Mwenye kisukari aandikiwe pia saa za kula, kwa sababu msibani mtu hunywa chai ya sukari mara tano na asile chakula chenyewe hata mara moja.

Halafu waombeni watu wawili wabaki wiki moja. Wasizidi. Watatu wakishazungumza, mfiwa anajiona mgeni nyumbani kwake. Kwetu alibaki shangazi, aliyejua kunyamaza, na binamu yangu, aliyejua kupika.

Nani apike, na apike nini

Jafar bin Abi Talib alipouawa katika vita vya Mu'ta mwaka 629, Mtume Muhammad aliwaambia watu wawatengenezee jamaa wa Jafar chakula, kwa kuwa wamefikwa na jambo lililowashughulisha. Msingi wake ni huo: chakula kiende kwa wafiwa. Kwetu mara nyingi hugeuka, wafiwa ndio wanaolisha. Matanga yakishaanuliwa, ndiyo nafasi ya kurudi kwenye asili.

Majirani wakiuliza, "Tuwasaidie nini?", msijibu "tunashukuru, tuko sawa". Waambieni. Shangazi alipanga zamu: Jumatatu nyumba ya kushoto italeta chakula cha mchana, Jumatano wale wa mtaa wa pili, Ijumaa ndugu wa mama. Siku nyingine tunapika wenyewe. Akawaambia na cha kuleta: mbaazi za nazi, ndizi, samaki wa kukaanga, kisamvu. Bila hivyo mngepata pilau wiki nzima, na pilau kwa mtu aliyetoka kuzika humkumbusha hitima. Mama hakuweza kuigusa kwa miezi miwili.

Usiku tulipika wenyewe tangu mwanzo, hata kama ni chai na mkate. Jiko lisipowashwa kabisa, nyumba hupoa, na kuliwasha tena huwa mzigo mkubwa.

Mfiwa asiye na hamu msimjazie sahani. Mpeni kidogo, mara nyingi, kitu laini kisichohitaji kutafunwa sana: supu ya kuku wa kienyeji, mtori, ndizi za nazi zilizoiva vizuri, uji. Bi Aisha, mke wa Mtume, alikuwa akifiwa na jamaa yake, wanawake wakikusanyika kisha wakatawanyika na kubaki watu wa nyumbani na wa karibu, huagiza ipikwe talbina, uji wa shayiri, na husema kwamba humtuliza mgonjwa moyo na kumwondolea baadhi ya huzuni. Nimependa sana kwamba aliuagiza baada ya watu kuondoka. Alikuwa akiijua saa hiyo.

Tuliupika hivi. Vijiko viwili vikubwa vya unga wa shayiri, koroga kwa kikombe kimoja cha maji baridi mpaka usiwe na madonge. Bandika moto mdogo, koroga bila kuacha kwa dakika kumi hadi kumi na tano, shayiri haitaki haraka. Ukianza kuwa mzito, ongeza kikombe cha maziwa, acha uchemke kidogo, epua. Asali kijiko kimoja ukishapoa kiasi cha kunyweka. Shayiri hupatikana kwenye maduka ya viungo na dawa za asili. Ukiikosa, uji wa ulezi uliochujwa vizuri hufaa. Tulimpa mama kikombe saa nne asubuhi na kingine baada ya alasiri, tukamwekea mkononi bila kumsisitiza. Siku ya kwanza alikunywa nusu.

Na maji. Jazeni jagi la lita moja na nusu asubuhi, liwekwe karibu yake. Jioni mnaangalia limebaki kiasi gani, hakuna haja ya kumhoji.

Mtu akisema maneno ya kutotaka kuishi, au wiki mbili zikipita hali, halali, hapo msitafute uji mwingine. Mpelekeni hospitali, na asiachwe peke yake.

Kipimo cha vyakula

Nimerudi kwenye kikombe cha nne. Mtu mmoja akiondoka kwenye nyumba ya watu sita, mkono haujui. Utapika wali wa sita, utachemsha chai ya sita, utapanga vikombe sita kwenye sinia. Kila mara kitu kinabaki, na kila kinachobaki kinasema jambo.

Usimwachie aliyezoea kupika abadilishe kipimo kwa kichwa. Badilisha chombo. Tulikiweka kabatini kikombe cha zamani tukanunua kipimo kingine, kopo dogo la plastiki ambalo matatu yake na nusu yanatosha watu watano. Namba ikawa ngeni, mkono ukajifunza upya bila kugongana na ile nne. Kwa wanaotaka hesabu: kilo moja ya mchele ni vikombe vitano hivi vya mililita 250, na mtu mzima hula gramu 120 hadi 150 za mchele mkavu. Watu watano ni vikombe vitatu na nusu kwa wali wa mchana, vitatu kwa nyumba yenye watoto wadogo.

Sufuria nayo ibadilike. Wali mchache kwenye sufuria kubwa huungua chini na kubaki kiini juu, na aliyepika anaona hata kazi aliyoifanya miaka thelathini imemshinda. Tafuteni sufuria ya namba inayofuata chini.

Mahali pa kukaa wakati wa kula ni jambo lenu wenyewe. Sisi tulikula kwenye mkeka, na nafasi ya baba ilikuwa karibu na mlango. Siku saba za mwanzo tuliiacha wazi bila kupanga. Siku ya nane mtoto wa dada yangu, ana miaka sita, akaja akaketi pale pale, akavuta sinia. Tulitazamana. Mama akasema, "Mwacheni." Kama mna mtoto mdogo, mwacheni.

Vitu vyake: msifue

Hapa ndipo nilipokosea.

Siku ya tano, kwa nia ya kusaidia, nilikusanya nguo zote zilizokuwa kwenye kamba ya chumbani, nikaloweka. Ndani yake kulikuwa na kikoi cha baba, cha milia ya bluu, alichokuwa akijifunga jioni akienda barazani. Nilikisugua kwa sabuni ya mche nikakianika. Jioni nilimkuta mama anapekua kamba ile, kisha kitanda, kisha kapu. Nilipomwonyesha kikoi kikiwa kimekunjwa, kinanukia sabuni, alikiweka puani, akakirudisha mikononi mwangu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Ahsante, mwanangu," akaenda kutia udhu.

Kwa hiyo: kwa siku arobaini za mwanzo, kitu chochote kilichogusa mwili wa marehemu, foronya, kofia, kikoi, taulo, mswaki, miwani, msikifue, msikitoe, msikihamishe bila kumuuliza mjane au mgane, na watoto. Vikusanyeni kwenye sanduku moja lisiloingia unyevu. Nguo mnazotaka zibaki na harufu, zifungwe kwenye mfuko wa plastiki uliokauka kabisa, kwa sababu huku kwetu joto na unyevu huleta kuvu ndani ya wiki.

Kugawa nguo kuna utaratibu wake. Alichokiacha marehemu ni mirathi, hata viatu. Kwa Waislamu hulipwa gharama za maziko na madeni, hutekelezwa wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi hugawana. Msianze kugawa kanzu kwa kuona ni vitu vidogo. Warithi wakubaliane kwa mdomo, mbele ya wote, kipi kinatolewa sadaka na kipi kinabaki kwa nani. Na mapema mshughulikie cheti cha kifo kupitia RITA, wakala wa serikali wa usajili, kisha kikao cha familia cha kumpendekeza msimamizi wa mirathi na kufungua shauri mahakamani, kwani bila hayo benki na mifuko ya pensheni hawatawasikiliza.

Simu yake msiifute wala msimpe mtoto achezee. Hamisheni picha na ujumbe wa sauti kwenye simu mbili tofauti. Laini ibaki hewani mpaka mambo ya benki na fedha za simu yaishe. Ujumbe wa sauti wa baba tulionao ni wa sekunde kumi na moja, ananiagiza ndimu.

Kazi za mikono

Jamaa wengi humwambia mfiwa apumzike. Wanamnyang'anya ufagio, wanamnyang'anya mwiko. Wiki moja ni sawa. Zaidi ya hapo mtu aliyezoea kazi anabaki amekaa kitandani na mawazo yake. Mwenye kukaa eda ana miezi minne na siku kumi, na kwa miezi ya mwandamo hizo ni kama siku 128. Anaacha manukato, hina, wanja na mapambo, na anakaa nyumbani kwake isipokuwa kwa haja. Hakuzuiwa kupika, kushona, kusuka wala kupanda mchaichai. Mila za mitaa huongeza mengine mengi, na hayo muulizeni sheikh wenu kabla ya kumlazimisha.

Mama alikuwa hodari wa ukili, ule utepe wa ukindu unaosukwa kisha kushonwa mkeka au kikapu, alijifunza kwa bibi yetu kule Pemba, kisha kazi za nyumba zikamwachisha. Siku ya kumi na mbili shangazi alikuja na mzigo wa ukindu, akauweka kwenye kona, hakusema lolote. Ulikaa siku tatu. Siku ya nne mama akaomba maji kwenye bakuli.

Nawaeleza kwa nini ukili ulifaa kuliko kitambaa na cherehani. Unaweza kuuacha katikati mgeni akiingia na ukauokota ulipoishia. Hauna hesabu ndefu ya kupotea. Mikono ina kazi na macho yana pa kuangalia, kwa hiyo watu wawili wakikaa nao wanaweza kuzungumza mambo mazito bila kutazamana. Mengi mama aliyonisimulia kuhusu ndoa yao aliyasema akiangalia chane, vile vipande vyembamba vya ukindu.

Kwa anayetaka kuanza: nunua ukindu ulioanikwa ukawa mweupe, usio na madoa meusi. Uchane chane zenye upana mmoja, upana usipolingana ukili utakwenda upande. Nyunyizia maji kidogo, mkavu hukatika na ukirowa sana huvimba, kisha ukikauka mshono unalegea. Anza na chane chache, suka mpaka vidole vizoee, halafu ongeza. Ukiongeza chane, ingiza mpya chini ya inayokaribia kuisha mapema, ishikane mara kadhaa kabla ya ile ya zamani kwisha. Masalio yanayochomoza kata mwishoni. Rangi ni maji yanayochemka na unga wa rangi wa sokoni, chane zitiwe kwenye vifungu vilivyolegezwa ili rangi ipenye.

Jiwekeeni kipimo kidogo. Mama alijipa nusu pima kwa siku, yaani mkono mmoja uliofunguliwa kutoka kifuani. Siku nyingine alisuka pima mbili, siku nyingine hakugusa. Tuliviringisha ukili kwenye ukuta wa chumba, na lile bunda lilivyozidi kunenepa, tuliona siku zimekwenda.

Kwa mdogo wangu wa kiume ukili haukuwa wake. Yeye alichukua bao la baba. Alilipangusa, akahesabu komwe, zile mbegu zinazochezewa kama kete: zinapaswa kuwa 64, zilikuwa 61. Tulifagia chini ya vitanda, tukapekua mifuko ya kanzu. Moja ilikuwa kwenye mfuko wa koti la mvua. Mbili hatukuziona, akaokota nyingine ufukweni. Kisha akaanza kumfundisha mpwa wetu: mashimo 32, kila mtu safu zake mbili, lile shimo la mraba linaitwa nyumba na huanza na kete sita, mashimo mawili ya kando yake mbili mbili, ishirini na mbili zinabaki mkononi za kunamua, yaani kuingizwa mchezoni moja moja. Kila baada ya magharibi, nusu saa. Kama marehemu alikuwa na mchezo, bustani, redio ya kutengeneza, kuku, ndege, tafuteni nani wa nyumbani anaupenda kweli mumkabidhi. Msimkabidhi anayeona ni wajibu. Mimea ya baba nilijipa mimi kwa wajibu, na mirehani miwili ilikauka kabla shangazi hajainusuru.

Chakula chake yeye

Kila nyumba kuna chakula ambacho ni mtu mmoja tu alikipika. Kwetu kilikuwa samaki wa kupaka, Jumapili, baba na seredani lake, jiko la makaa, uani. Mama hakuwahi kukipika, na baba hakuandika popote. Kukirudisha ilikuwa kazi yangu ya miezi mitatu, na kama kuna sehemu moja ya mwongozo huu ningependa muifanye, ni hii.

Andika ladha kwanza, kabla ya viungo. Kaa na daftari uandike ulichokumbuka mdomoni: kilianza na ndimu au chumvi, pilipili ilikuja mwanzo au mwishoni, tui lilikuwa zito kiasi gani, ngozi ilikuwa na madoa ya moto au laini. Fanya mapema. Sisi baada ya mwezi tulikuwa tumeanza kubishana.

Kisha uliza watu watatu waliokula naye, kila mmoja peke yake. Ukiwaweka pamoja, mwenye sauti kubwa atawashinda wengine. Uliza alikuwa akifanya nini kwa mikono, swali la viungo liache baadaye. Watu husahau viungo, lakini hukumbuka mtu akipuliza makaa.

Pima vyombo vyake. Kijiko chake, bakuli lake, kile kikombe cha bati. Jaza maji, kisha mimina kwenye chombo chenye alama. Bakuli la baba nililodhani ni kikombe kimoja lilikuwa kimoja na robo, na hiyo peke yake iliharibu jaribio langu la kwanza.

Jaribu mara tatu au zaidi, badili jambo moja kila mara. Usijaribu siku aliyokuwa akipika yeye, wala mbele ya wageni. Na mwonjaji awe yule aliyemjua zaidi.

Hiki ndicho tulichofikia, kwa watu watano. Changu wawili wa nusu kilo na ushee kila mmoja, waliotolewa magamba na kuchanjwa mara tatu kila upande. Ponda punje sita za thomu (kitunguu saumu), tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba na kijiko cha chai cha chumvi, changanya na maji ya ndimu moja, paka samaki, waache nusu saa. Wakizidi hapo ndimu huwakaza nyama. Nazi moja kubwa iliyokomaa ikune. Kamua tui zito kwa kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, weka kando, kamua tena kwa kikombe kimoja na nusu. Bandika tui jepesi na nusu kijiko cha chai cha bizari ya manjano, lichemke lipungue nusu, ndipo utie tui zito na chumvi. Kuanzia hapo usifunike na usiache kukoroga, tui litakatika. Likishika mwiko kama uji mzito, epua, kamulia ndimu nusu.

Samaki wachome kwenye makaa yaliyotulia, dakika saba au nane kila upande, kisha anza kupaka tui, geuza, paka, geuza.

Mara mbili nilifika hapa na mama akasema kitamu, lakini sicho. Mara ya tatu nilimfuata mzee mmoja aliyecheza bao na baba barazani na kula kwetu Jumapili nyingi. Alifikiri, akasema, "Mwanangu, pilipili baba yako hakuiponda mbichi. Alikuwa akiitupa kwanza kwenye makaa." Pilipili mbuzi moja nzima, kwenye makaa mpaka ngozi iwe nyeusi na ipasuke, kisha ipondwe na ngozi yake na chumvi kidogo, iingie kwenye tui mwishoni. Harufu ilipoanza kupanda uani, mama alitoka chumbani kabla hatujamwita.

Amueni mapema nani atakula kichwa. Kwetu kilikuwa cha baba, na sahani ilipofika mbele yetu sote tulisita, samaki akapoa. Mama ndiye aliyekivunja, akawagawia watoto mashavu.

Mkishakipata, andikeni kwa kalamu ya wino, na tarehe, na jina la kila aliyesaidia. Piga picha ukurasa, utume kwa ndugu walio mbali. Dada yangu yuko Muscat, hakuwahi kufika mazikoni. Alipika siku moja na sisi kwa simu ya video, na alilia kwa namna ambayo hakuwa amelia tangu apigiwe simu ile ya kwanza. Kwa aliyefiwa akiwa ugenini, kupika pamoja huwa ndiyo matanga yake.

Arobaini

Fupi, maana kila nyumba ina msimamo wake, na masheikh hawakubaliani. Mkiifanya, iwe kwa lile fungu mlilotenga na mlichonacho mkononi. Msikope. Msiuze mali ya mirathi kununua ng'ombe, hasa kama kuna watoto wadogo wenye haki humo. Kwetu tulisoma dua baada ya alasiri, tukatoa kahawa, tende, na mkate wa kumimina aliouoka binamu, watu arobaini hivi, na magharibi nyumba ilikuwa imeshafagiliwa.

Siku ya kutoka eda

Hesabuni tarehe tangu mwanzo, muiandike ukutani, ili isije ikamkuta mjane hana nguo wala pa kwenda. Wiki moja kabla, muulizeni anataka kutoka aende wapi kwanza. Jamaa hupenda kumpangia safari ya kuwazungukia wakwe na ndugu wote siku moja, na mtu aliyekaa ndani miezi minne huchoka kufikia nyumba ya tatu. Nguo mpya iwe tayari imefuliwa mara moja, isimchubue. Viatu avijaribu ndani, miguu huwa imebadilika. Awe na mtu mmoja wa kufuatana naye, anayekubali kurudi wakati wowote.

Mama hakutaka kwenda kwa watu. Alitaka Deep Sea, kwenye soko la samaki, asubuhi boti zikiingia. Tulikwenda naye, mimi na mdogo wangu. Ule ukili ulikuwa umeshashonwa, na kikapu kimoja kilichotokana nao alikuwa amekitia begani. Alizunguka meza zote mara mbili, akafunua mashavu ya kila changu kutazama wekundu, akapatana bei mpaka muuzaji akacheka. Akanunua wawili.

Njiani akaniuliza kama ndimu zimebaki nyumbani.